Vikanyagio vya Nyuma

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii nampa yule dereva wa lori la kokoto akuletee, kwa sababu wewe na simu mmeapizana. Kila nikipiga naambiwa hupatikani, na najua ni kweli, maana mtandao wa huko machimboni uko juu ya kilima na magoti yako yako chini.

Hapa hatujambo. Mama anakusalimu. Presha yake imeshuka tangu aache chumvi, ila hasira zimepanda kwa sababu hiyohiyo. Mimi bado natengeneza pampu za visima. Mwezi uliopita kazini wameniongezea vijiji sita, na kwa miguu siviwezi. Ndipo nikaikumbuka pikipiki yako.

Ndiyo, yako, ile uliyomwachia marehemu baba mwaka uliohama. Tangu afariki imekaa stoo miaka tisa, imefunikwa turubai. Nimeijaribu, injini bado inazunguka. Nataka niigeuze iwe ya kazi: usukani mpana, keria ndefu ya chuma ya kubebea mabomba, sanduku la spana ubavuni, na tangi nilipake kijani cha majani ya mgomba. Nafanyia hapahapa nyumbani, kwenye stoo ya mabati nyuma ya jiko. Nimeshaifungua yote. Fremu iko juu ya magogo mawili, magurudumu yameegemea ukutani.

Wewe umepuliza rangi magari miaka thelathini. Niambie, nini kinadumu? Napita kwenye tope, petroli inamwagika, mabomba yanakwaruza. Sitaki urembo wa wiki mbili.

Halafu kuna kichekesho. Chuma chote kimeliwa na kutu isipokuwa vikanyagio vya abiria, vile vya nyuma. Vinang'aa. Utadhani kuna mtu alikuwa anavikanyaga jana.

Mpwa wako,
Spana


2 Machi

Spana wangu,

Marahaba. Dereva amenikabidhi barua yako ikiwa na alama ya chai, nadhani aliifanya kisahani. Namshukuru Mungu kwa afya yenu. Mimi nipo, kifua kinalalamika kidogo, zawadi ya rangi hiyo, lakini karakana ya hapa siku hizi nailinda tu, sipulizi. Mwambie dada yangu chumvi kidogo haijaua mtu, ila asiseme ni mimi niliyesema.

Sasa kazi. Nisikilize kama ulivyokuwa hunisikilizi ulipokuwa unaniibia spana namba kumi.

Fremu na keria usipulize. Peleka kwa wenye tanuri wakuwekee rangi ya unga, ile inayookwa mpaka inayeyuka na kushika chuma kama ngozi. Kabla ya hapo waipige mchanga mpaka chuma kiwe kijivu. Wakikuambia "hapa pametosha", waambie waendelee. Kutu ikibaki hata punje, itarudi na ndugu zake.

Tangi usilioke. Lisugue kwa msasa, lifute kwa thina, lipake praima ya epoksi, puti kidogo penye mbonyeo, kisha rangi ya kuchanganya na hadena, ile dawa ya kuigandisha. Juu yake klia, ile isiyo na rangi, mipako mitatu, na kila mpako uusubiri. Kaa siku saba kabla ya kutia petroli, la sivyo itamenyuka kama ganda la kitunguu. Bomba la moshi lipake rangi ya kuhimili moto. Nati zote zitiwe zinki.

Ama vile vikanyagio vya nyuma, ving'oe. Kata na mabano yake, sugua mpaka pasionekane kwamba paliwahi kuwa na kitu. Wewe unabeba mabomba, hubebi mtu. Na mshikio wa abiria pia, ondoa.

Fanya hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama amekusikia kuhusu chumvi. Barua zako huwa namsomea zote, ungejua usingeandika. Jirani yetu fundi viatu amepata wajukuu, mapacha, na sasa ukipita pale usiulize habari, utakaa mpaka magharibi.

Fremu imetoka tanurini nyeusi, laini, ukipitisha kucha haiachi alama. Nilikaa naitazama kama bi harusi. Ila nimekuasi kwenye jambo moja. Nilipochukua msumeno wa chuma ili nivikate vile vikanyagio, Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Yeye huwa haingii humo. Akaniambia, "Viache." Nikamwambia ni wewe uliyeagiza. Akasema, "Najua ni yeye. Viache."

Basi nikaviacha, na mshikio pia. Vimeokwa pamoja na fremu.

Sasa nikuulize kama fundi. Siku ya sita nimeingia stoo kupima keria, nikakuta kikanyagio kimoja cha nyuma kimelika. Rangi imeisha, chuma kimetokeza, kinang'aa. Mjomba, pikipiki haina magurudumu. Iko juu ya magogo. Mlango una kufuli na ufunguo nimeuvaa shingoni. Nikasema panya, lakini panya gani anaacha unga wa mahindi uliopo humo humo, anakula rangi ya kuoka? Na kwenye mshikio wa nyuma kuna mistari minne, myembamba, imekaa sambamba kama vidole.

Nikavifungua, nikavirudisha tanurini, nikasimamia mwenyewe. Siku nane. Yaleyale. Kwingine kote fremu ni nzima, hata pale nilipoiangushia nyundo.

Nimekosea wapi?

Spana


30 Aprili

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu. Lori lilikata springi, kisha dereva akaugua, kisha mimi nikawa na kazi. Hongera kwa fundi viatu.

Hilo lako ni jambo la kawaida kabisa. Ni mafuta ya mikono. Umekishika chuma baada ya kupigwa mchanga, jasho limebaki, rangi haikushika. Au moto wa tanuri haukufika. Vijana wa siku hizi wanaoka rangi kama wanaoka mkate, wakiona imekuwa nyeusi wanatoa.

Achana na rangi ya unga hapo. Peleka vitiwe kromu. Kwanza nikeli, nene, ndipo kromu juu. Kromu haimenyuki kwa kukanyagwa. Hicho cha kushoto, kama kimelika zaidi kwenye ncha, waambie wakijaze kwanza kwa kulehemu, wakisawazishe, ndipo wakitie.

Je, vinapolika vinakuwa vikavu?

Dada yangu asiingie stoo. Harufu ya thina si nzuri kwa mtu wa presha.

Mjomba wako


21 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hapa tunaendelea. Mvua hatujaiona wiki tano, na pampu zinakauka, kwa hiyo nalaumiwa mimi kana kwamba ndimi ninayekunywa hayo maji.

Kromu ilitoka nzuri, ukijitazama unaona mpaka tundu za pua. Imedumu siku tisa. Siku ya kumi ilikuwa imepasuka, imegeuka kahawia, na nilipoibandua kwa kisu, chini yake nilikuta mchanga. Si wa hapa kwetu, huu wetu ni mwekundu. Ni mweupe, mlaini, kama ule wa mtoni.

Tangi ni zima. Kijani kile kimekaa kama kioo. Fremu ni nzima. Ni pale tu anapokaa abiria.

Kiti nacho. Nimekivalisha ngozi mpya nene, nimeishona mara mbili, mishono nimeipaka nta. Jana nikaiminya kwa kiganja. Nusu ya mbele kavu. Nusu ya nyuma ikatoa maji, yakanitiririkia mpaka kiwiko. Nimeangalia bati la paa, halina tundu.

Mama aliingia bila kubisha. Akaweka kiganja kwenye kiti, akakinusa. Hakushtuka. Alitoka, akarudi na taulo kavu, akalitandaza pale nyuma vizuri, akaondoka. Tangu siku hiyo kila asubuhi huchukua lenye maji, akaweka kavu. Nikimuuliza ananiambia, "Kwani wewe ukiloa hupendi kujifuta?"

Na sasa nakuuliza wewe. Katika barua yangu niliandika kikanyagio kimoja. Sikusema ni cha kushoto. Sikusema kimelika kwenye ncha. Vyote viwili ni kweli, lakini sikuviandika. Umejuaje? Na kwa nini ulitaka kujua kama ni vikavu?

Spana


24 Juni

Spana,

Klia ya tangi, baada ya mwezi mmoja, ing'arishe kwa dawa ya kusugulia, ile ya maji, si ile ya mchanga. Tumia kitambaa cha pamba. Usisugue kwa kuzungusha, sugua kwa kwenda na kurudi. Usiiache juani siku ya kwanza.

Iuze hiyo pikipiki. Mpe mtu wa mbali. Kama huwezi kuiuza, itupe. Na kama ni lazima uipande, usivuke nayo maji. Hata kijito.

Mjomba wako


11 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua iliyopita hukumsalimu Mama. Alinyoosha mkono akaichukua, akaigeuza nyuma, akaiangalia, akanirudishia.

Nimeimaliza. Nimefunga magurudumu, mnyororo, taa, keria, na Jumanne saa nne asubuhi nikaitoa mara ya kwanza. Watu wa mtaani walisimama kutazama. Ni nzuri, Mjomba, niseme tu ukweli. Ila nilipoondoka niliona ni nzito nyuma. Keria nilikuwa sijaiwekea kitu.

Pale kwenye uchochoro wa wafuaji, unapajua, maji ya sabuni hupita katikati ya njia. Mfereji wenyewe hata mtoto anauruka. Nilipoukaribia nikashikwa kiuno. Mikono miwili. Ilinikamata kwa nguvu, nikahisi baridi inapenya shati. Nilikanyaga breki, nikageuka. Hakuna mtu.

Nikasukuma mpaka kwa fundi wa pancha pale kona. Yeye alikuwa ameinama, akainua kichwa akasema, "Mwambie dada akusanye gauni, litaingia kwenye mnyororo." Nikamuuliza, "Dada gani?" Akatazama nyuma yangu. Kisha akaanza kukaza nati ambayo alikuwa ameshaikaza, na hakunitazama tena mpaka nikaondoka. Nyumbani nilivua shati. Lilikuwa na alama mbili za maji, hapa na hapa, ubavuni.

Nikamweleza Mama yote. Aliingia chumbani kwake, akatoka na lile kopo la biskuti anakoweka barua za Mama Mdogo. Akaniwekea mapajani. Akasema, "Mrudishie mjomba wako barua zake."

Nilidhani amekosea kusema. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba mdogo wenu wa mwisho alikwenda ng'ambo akiwa msichana, akapata kazi, akaolewa hukohuko, akaandika miaka mitano, kisha akanyamaza. Sikuwahi kuzisoma. Nimezisoma jana, zote kumi na moja, na pembeni nimeweka zako za mwaka huu. Ile k yenye mkia. Ile nukta unayoiweka juu mno ya i. Jinsi unavyosema "Namshukuru Mungu kwa afya yenu".

Ni mwandiko wako, Mjomba.

Mama Mdogo yuko wapi?

Spana


2 Agosti

Mpwa wangu,

Mpe dada yangu shikamoo. Mwambie nimeiandika hii mara nyingi nikaichana, na hii nampa dereva kabla sijaisoma tena.

Mama Mdogo wako alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na siku hiyo alitakiwa kuripoti chuoni kabla ya saa kumi alasiri. Basi lilikuwa limeharibika. Nikasema nitampeleka mimi. Pikipiki ilikuwa mpya, nyekundu, niliipuliza kwa mikono yangu, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko tangi lake.

Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamepanda. Hapakuwa na daraja miaka hiyo, ni zege limelazwa chini na maji yanapita juu yake. Akasema, "Kaka, tusubiri yapungue." Nikamwambia asubiri harusi yake, mimi nina haraka. Akacheka, lakini akanikamata kiuno. Mguu wa kushoto alikuwa anaukanyagia kwa ncha tu, kama mtu anayetaka kuruka. Niliuona kwenye kioo.

Katikati injini ikazima. Maji yakatupiga ubavuni. Alishika ule mshikio wa nyuma. Pikipiki ikaanza kuondoka, na yeye akaanza kuondoka. Mpwa wangu, nilikuwa na mikono miwili. Yote miwili niliishikia pikipiki.

Aliniita mara moja. Hakupiga kelele. Aliita kama mtu anayekuomba umpishe.

Nilifuata ukingo siku mbili. Nikapata kiatu chake kimoja. Sikuingia kijiji chochote kuuliza, kwa sababu ningeuliza ningelazimika kueleza. Niliporudi, bibi yako, mgonjwa wa moyo, akauliza kama amefika. Nikasema amefika, na kwamba nilibaki kumsaidia kupata chumba. Miezi miwili baadaye chuo kikaandika kuuliza mbona hajaripoti. Barua ile niliipokea mimi posta. Nikaichana, nikaandika ya kwangu, kana kwamba ni yeye anayeandika: kwamba amepata kazi ng'ambo na ameondoka na wenzake. Mtu akishaandika moja, bibi anakaa mlangoni kusubiri ya pili. Niliandika mpaka alipofariki. Alikufa akijua mwanawe anakula na kushiba.

Pikipiki nilimpa baba yako, nikahamia mahali pasipo na mto. Aliniandikia mara moja kuuliza kwa nini nyuma ni nzito. Nikamjibu ni springi.

Sina la kuomba.

Mjomba wako


19 Agosti

Mjomba,

Nilimsomea Mama barua yako tumekaa jikoni. Nilipofika pale penye mikono miwili nilishindwa, akaichukua akamalizia mwenyewe. Kisha akaniambia niandike hivi, nami naandika maneno yake yalivyo:

"Mdogo wangu, nilijua siku ilipofika barua ya kwanza. Yule alikuwa mashoto. Kila alichoandika alikiburuza kwa mkono, wino unapakaa karatasi nzima, mwalimu alikuwa anampiga kwa hilo. Barua ile ilikuwa safi. Nilimtazama mama alivyoishika kifuani nikasema nisubiri mama apone. Hakupona. Baada ya hapo nikasema nikusubiri wewe, utachoka utasema. Miaka thelathini na moja, hukuchoka. Sikuulizi kwa nini uliishika pikipiki. Nakuuliza kwa nini uliniacha niomboleze peke yangu."

Mwisho wa maneno ya Mama.

Anataka kwenda mtoni. Anasema atakwenda kwa pikipiki hiyohiyo, mimi nikiiendesha, na amekataa kusikia habari za presha. Siku hizi kuna daraja. Tarehe saba Septemba, saa tano asubuhi, tutakuwa upande wa huku. Basi la kutoka kwenu linashusha pale. Anasema uje.

Spana


10 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Dereva alituambia umesema utakuja. Na ulikuja. Tulikuona.

Nakuandikia kwa sababu kilichotokea baadaye hukukiona.

Mama alipanda kwa msaada wa kigoda. Akakaa nyuma kabisa, nusu juu ya keria, akaacha nafasi kati yetu. Nikamwambia, "Mama, songea, utaanguka." Akasema, "Siwezi kumbana." Tulikwenda hivyo saa mbili nzima. Mgongo wangu ulikuwa umeloa mpaka kwenye mkanda, na jua lilikuwa kali la kupasua. Njiani nilimsikia Mama anaongea, maneno madogomadogo ya nyumbani: nani ameoa, nani amejenga, bei ya sukari. Hakuwa anaongea na mimi.

Pale darajani ulishuka na mkoba mdogo na ile kofia yako ya karakana. Ulitembea mpaka daraja linapoanza, ukaweka mguu mmoja, ukasimama. Nilitaka kukuita. Mama akaniziba mdomo. Ulirudi ndani ya basi kama mtu aliyesahau kitu, na basi likageuza. Mama akasema, "Mwache. Amefika karibu kuliko miaka yote."

Tukavuka. Pikipiki ilizima katikati ya daraja, sijui kwa nini, petroli ilikuwapo. Nilishuka nikaisukuma, Mama akasukuma kwa nyuma, na ilikuwa nzito, Mjomba, kama ina magunia.

Ng'ambo ya pili kuna tanuri za matofali. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anafyatua, mikono imejaa udongo. Mama akamsalimu, akamuuliza kama miaka mingi iliyopita, mwaka wa mafuriko yale makubwa, waliwahi kuokota mtu. Yule mama hakufikiri hata kidogo. Akauliza, "Msichana? Gauni la maua ya zambarau? Mguu mmoja hauna kiatu?"

Mama akakaa chini palepale kwenye udongo.

Walimkuta kwenye matete asubuhi ya siku ya tatu. Yule mama alikuwa msichana wa rika lake. Baba yake alikwenda ofisini kutoa taarifa mara mbili, hakuna aliyekuja kuuliza. Wakamzika juu, maji yasikofika, pamoja na watu wao. Kila wanaposafisha makaburi yao, lake nalo hulisafisha. Wanamwita Mgeni. Kuna matofali yamepangwa kuzunguka, na juu yake hakuna kitu.

Nyumba ya ukingoni, siku ya pili ulipopita, walikuona. Yule mama anakumbuka kijana aliyekuwa anatembea na kiatu mkononi. Walimpigia kelele aje anywe uji. Hakugeuka.

Akamuuliza Mama, "Anaitwa nani, tumwite jina lake?" Mama alifungua mdomo. Nilimwona anajaribu. Kisha akatikisa kichwa akasema, "Aliyemleta yupo hai. Atakuja kumtaja."

Wakati wa kurudi Mama alinikumbatia tangu daraja mpaka nyumbani, kifua chake kimegusa mgongo wangu, na pikipiki ilikwenda nyepesi kama baiskeli. Jana nimeangalia kiti. Kikavu.

Usiponijibu nitaelewa. Yeye anayekungoja huko, sijui.

Spana


1 Oktoba

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kibaraza cha yule mama wa matofali. Leo ni siku ya nne niko hapa. Barua hii ataichukua mwanawe anayekwenda mjini.

Nilivuka kwa miguu. Nilipofika katikati nilishika chuma cha pembeni nikasimama, sijui muda gani, magari yananipigia honi. Kisha nikaendelea. Yule mama aliponiona na kofia yangu hakuuliza mimi ni nani. Akanawa mikono, akanipeleka.

Nilikuja na kibao cha chuma kutoka karakana, milimita tatu, nimekikata mwenyewe na kukilainisha kingo. Utaniuliza nimekipaka nini, kwa hiyo nakuambia. Nimesugua mpaka kijivu. Praima ya zinki, mipako miwili. Epoksi peke yake haifai hapa, jua la ukingoni huifanya chaki. Juu yake nyeusi ya hadena. Rangi ya unga ningeipenda zaidi, lakini hakuna tanuri isipokuwa za matofali, na yule mama alinicheka nilipoitazama yake. Herufi nimesema nitaziandika kwa brashi, nyeupe, kisha klia, mipako mitatu. Itakaa miaka ishirini. Baada ya hapo atakayekuwapo airudie, nawe unajua jinsi.

Leo asubuhi nilipiga magoti nikachovya brashi. Yule mama alikuwa hatua chache, anapindua matofali mabichi. Akaniuliza, "Aliitwa nani, baba?"

Sijalitamka tangu siku ile, Spana. Hata katika zile barua kumi na moja nilikuwa naandika mwishoni "mwanao" tu. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka hewa. Mara ya tatu nikalisema lote, lake na la baba yetu, kwa nguvu, kama mwalimu anayeita majina ya daftari.

Nikasikia, "Abee, kaka."

Nyuma ya bega langu, karibu kabisa, pale anapokaa mtu uliyempakia. Nilisikia na pumzi yake. Yule mama aliacha matofali yake akasimama, mkono mdomoni, kwa hiyo nadhani alisikia pia, lakini sijamuuliza wala yeye hajanitajia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Miaka yote hii niliyapanga. Sikusema hata moja. Nilibaki na brashi mkononi, sikugeuka, na herufi ya pili ikaanza kuchuruzika mpaka chini ya kibao, ikabidi niifute kwa thina nianze upya.

Mwambie dada nakuja Jumamosi, kifua kikiniruhusu. Asipike kitu. Aweke viti viwili tu.

Mjomba wako